Uliza Anti: Mikono Miwili ya Upande Mmoja

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwetu Tukuyu, nina miaka 34 na watoto wawili. Anti naogopa, naona kama akili inaniacha. Mwili uko kwenye cherehani ila mimi mwenyewe sipo, yaani kutwa nzima kichwani nagombana na wifi yangu. Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi wa kumi, tukiwa msibani wifi akasema mbele ya watu kwamba mimi nilikuwa natuma tu hela, yeye ndo alikuwa anamuogesha mama na kumgeuza kitandani. Nilinyamaza, sikumjibu hata neno. Sasa ndo namjibu kila siku! Namjibu asubuhi nikifungua ofisi, namjibu kwenye daladala, naongea peke yangu hadi mdomo unacheza, binti ninayemfundisha kushona aliniona akacheka. Wiki iliyopita nimekata gauni la kichenpati, mikono yote miwili nikaikata ya upande mmoja, kitambaa cha watu na hakikutosha tena, ikabidi nilipe. Na si mara ya kwanza. Rafiki yangu ananiambia acha kuwaza, mwingine wa kanisani kasema ni roho ya wazimu inanitafuta. Cherehani yenyewe ni ya mama, ile ya miguu, aliniachia, naona nampaka aibu. Nifanyeje haya mawazo yaniache?

JIBU: Marahaba mwanangu, ugonile. Pole na msiba, na pole na kile kitambaa maana najua hela ya kitambaa cha sherehe inavyouma ukiitoa mfukoni mwako mwenyewe na kazi yote umeshaifanya.

Nianze na hili la wazimu ili upumue. Kuongea ndani kwa ndani sio ugonjwa, ndivyo tulivyotengenezwa. Mwangalie mtoto wa miaka minne anavyocheza peke yake uani, utamsikia, "sasa naweka mchanga, sasa gari linapita, weee usipite hapo," anajisemesha kwa sauti na wala haoni aibu. Kuna mwanasaikolojia wa Kisovieti, Lev Vygotsky, alifariki 1934 akiwa na miaka 37 tu, yeye alieleza kwamba ile sauti ya mtoto haipotei akikua, inaingia ndani. Kwanza tunaongea na watu, alafu tunajisemesha kwa sauti, alafu tunajisemesha kimya. Mimi hili lilinisaidia sana nilipolielewa maana ukilifikiria utaona kwamba kichwani mwa mtu hakuna mtu mmoja, kuna watu wote waliowahi kusema naye, mama yumo, mwalimu wa darasa la tatu yumo, na wifi naye kaingia, tena kakaa sebuleni kabisa. Kwahiyo ule mdomo wako unaocheza kwenye daladala ni maneno ya ndani yanayorudi nje kidogo yakizidi uzito, hata mimi nikiwa na jambo zito natembea kutoka Kabwe mpaka Sokomatola nikiongea na watu ambao hawapo.

Na kuhusu kutokuwepo kazini wakati mwili upo, hauko peke yako. Mwaka 2010 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitumia simu kuwauliza watu wazima 2,250 kwa nyakati za kushtukiza, sasa hivi unafanya nini, unawaza hicho unachofanya au kingine, na unajisikiaje. Ikaonekana karibu nusu ya muda, asilimia 46.9, watu walikuwa wanawaza kitu kingine tofauti na kilichoko mkononi. Nusu! Wengi walikuwa Wamarekani, hakukuwa na fundi wa Mwanjelwa pale, lakini mimi nikiangalia foleni ya benki au watu kanisani naona hesabu ile ile. Na waliona kitu kingine ambacho naomba ukikumbuke: mawazo yakiwa yametangatanga watu hawakuwa na furaha kama wakiwa wamo kwenye wanachokifanya, na hata waliokuwa wanawaza vitu vizuri hawakuwazidi wale waliokuwa wametulia kwenye kazi yao.

Sasa rafiki yako atasema si ndo hayo, acha kuwaza. Huo ushauri naomba uuweke pembeni kabisa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wakae dakika tano wasiwaze dubu mweupe, na kila akiwajia wagonge kengele. Waligonga na kugonga. Tena baadaye waliporuhusiwa kumuwaza huyo dubu, akawajia zaidi kuliko wale ambao tangu mwanzo hawakukatazwa. Ndo maana wewe ukiamka ukajiapiza leo simuwazi wifi, kufika saa nne umeshamjibu mara ishirini, maana ili usimuwaze lazima uwe unachungulia kila dakika kama yupo.

Ila mwanangu mimi nimeisoma barua yako mara tatu na kuna kitu nimekiona, nitakisema taratibu na kama nimekosea utaniambia. Umeandika mistari mingi kuhusu wifi, mama umemtaja kidogo tu, mwanzoni kwamba alifariki na mwishoni kwenye cherehani. Lakini kila asubuhi unakaa kwenye kiti chake, unaweka miguu pale alipokuwa anaweka yeye, unashika gurudumu lililolainishwa na mkono wake. Wifi hayuko kwenye hiyo cherehani, aliyeko ni mama. Mi naona kugombana na wifi ni kwepesi kuliko kukaa na mama, kwasababu ukigombana una hasira na hasira inakupa nguvu ya kufungua ofisi, sasa ukimruhusu mama aje, utalia, na nani atamaliza nguo za wateja? Kwahiyo kila mama akitaka kuingia unamtanguliza wifi mlangoni.

Na lile neno la wifi limekuuma kwasababu lina kaukweli ndani yake. Kweli hukuwepo kumgeuza. Na kweli pia kwamba bila ile hela yako hakuna dawa, hakuna pampasi, hakuna gari la kumpeleka hospitali. Yote mawili ni kweli kwa pamoja na hakuna hukumu hapo, ila wewe kichwani umekuwa wakili, unatetea upande mmoja kutwa, na wakili hawezi kufiwa, yuko kazini.

Sasa cha kufanya. Chukua daftari, sio la madeni ya wateja, jipya. Usiku watoto wakilala andika robo saa, siku nne mfululizo. Mwaka 1986 huko Marekani James Pennebaker na mwenzake waliwapa wanafunzi kazi hiyo hiyo, dakika 15 kwa siku nne, waandike jambo lililowaumiza zaidi maishani na walivyojisikia, na miezi iliyofuata wale walioandika tukio na hisia zake walienda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Nakuambia mapema kabisa: wale wanafunzi wakimaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi siku hiyo hiyo, kwahiyo na wewe ukilia usiku wa kwanza usifikiri nimekudanganya. Na usimwandikie wifi. Mwandikie mama. Mweleze kwanini hukuwepo, muulize uliyotaka kumuuliza, Kinyakyusa au Kiswahili vyovyote vinavyokuja, hakuna atakayesahihisha. Ukimaliza chana kama unataka.

Alafu kazi yenyewe, ipange kufuatana na kichwa chako kilivyo sasa hivi, usisubiri kichwa kipone kwanza. Wewe fundi unajua kuna kazi inayotaka mtu mzima na kuna kazi ambayo mikono inaijua yenyewe. Kukata kunataka mtu mzima. Kwahiyo kata asubuhi tu, saa mbili mpaka saa nne, simu mbali, na kabla mkasi haujagusa kitambaa andika kwa chaki KL (kulia) au KS (kushoto) juu ya kila mkono, mwambie na yule binti aangalie kabla hujakata, atajifunza na yeye na hutaona aibu maana mafundi wakubwa wanafanya hivyo. Mchana bakiza kupinda, kuweka vishikizo, mishono mirefu iliyonyooka. Hapo kichwa kikitaka kwenda Tukuyu kiache kiende, mshono ulionyooka hauharibiki kwa mtu kumuwaza mama yake. Mimi naamini, na hili nalisema kwa moyo wote, kuna maombolezo yanayofanyika vizuri kwa miguu ikiwa inakanyaga cherehani kuliko kitandani.

Maombi nenda, sikukatazi, mi mwenyewe naombewa. Ila ukiona usingizi umekata kabisa wiki mbili, chakula hakipiti, au unasikia sauti kwa masikio kama za watu walioko nje, au linakujia wazo la kutotaka kuishi, hapo usikae na daftari, nenda hospitali ya rufaa ya kanda hapa hapa Mbeya uombe kuonana na watu wa afya ya akili, ukifika mapokezi sema tu nataka kuonana na daktari wa akili, wamezoea.

Na wifi? Bado. Huyo utaenda kumuona ukishamaliza na mama, na nahisi siku ukikaa naye utakachotaka kumuuliza ni siku zile za mwisho mama alikuwaje, maana yeye ndiye anayezijua.

SWALI: Kamwene anti. Mi kijana wa miaka 22 niko Mafinga nachana mbao. Kuna semina tuliitwa ya vijana, mtoa mada akasema fungeni macho mjione mko miaka kumi mbele, ioneni nyumba yako, lione gari lako rangi gani. Wenzangu wakaanza kuelezea, mmoja hadi analia, mi nikifunga macho naona giza tu. Nimejaribu siku nyingi hata sura ya marehemu babu siioni. Mtoa mada alisema asiyeona maono hana kesho. Je mi ndani yangu hamna kitu?

JIBU: Kamwene mwanangu. Huyo mtoa mada kakuumiza na sidhani kama anajua.

Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowaomba wakumbuke meza yao ya chai ya asubuhi, je wanaiona kichwani, ina mwanga, ina rangi? Kuna waliosema wanaiona kama iko mbele yao, na kuna waliosema hawaoni kitu kabisa, na kilichomshangaza ni kwamba miongoni mwa hao wa mwisho walikuwemo wanasayansi, tena walidhani watu wakisema "naona kichwani" ni namna tu ya kuongea. Mwaka 2015 daktari Adam Zeman huko Uingereza na wenzake wakaipa jina hiyo hali, afantasia. Sio ugonjwa wala laana. Kuna bwana anaitwa Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya Marekani inayotengeneza filamu za katuni, kazi yake yote ilikuwa ni picha, naye amesema wazi akifunga macho haoni picha yoyote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Wewe ukiangalia gogo unajua litatoa mbili kwa nne ngapi, si ndio? Unajua blade ikianza kulia vibaya kabla haijakatika. Babu sura huioni lakini nakuhakikishia unajua angesema nini ukichana mbao imepinda. Hicho kinachojua kiko wapi kama sio ndani yako? Ndani ya mtu sio lazima kuwe na televisheni.

Nikwambie langu moja. Nilipofiwa na baba nilikuwa nasoma Iringa, na pale mjini kuna lile jiwe kubwa la Gangilonga, Kihehe maana yake jiwe linaloongea, wanasimulia Mtwa Mkwawa alikuwa anakwenda pale kutafakari enzi za vita na Wajerumani. Nikapanda jioni nikakaa nikisubiri niambiwe kitu, baba anitokee, sauti, chochote. Nilichokiona ni mji mzima chini, moshi wa majiko na taa zinawaka moja moja. Niliposhuka nikajikuta nimeshajua kwamba nitarudi Mbeya kumsaidia mama, sikuambiwa na mtu wala sikuona picha, nilikuwa nimejua tu. Kwa wengine ndivyo inavyokuja.

Ukitaka kupanga kesho yako usifunge macho, yafungue, chukua karatasi na kalamu: mwezi naingiza ngapi, mashine ndogo ya kuranda bei gani, nani pale Mafinga anaweza kunifundisha useremala jioni. Ikiandikwa utaiona.

SWALI: Mama habari za kazi. Mi dereva wa semi, Dar – Lusaka, familia iko Uyole. Mke wangu analalamika nikirudi nyumbani naleta mwili tu. Nakaa kimya, anadhani nina mwanamke Zambia, sina. Ukweli barabarani nakuwa na mawazo mengi sana, mlima Kitonga pale hamna mawazo unabaki wewe na gia, ila nikishavuka Makambako nakuja kushtuka niko Chimala, Igawa sikumbuki nimepitaje. Safari iliyopita nimerudi nikamwambia mke wangu kwamba mtoto tunamhamisha shule, akalia, akasema mi siku hizi natoa amri. Mi sikutoa amri, lile jambo nilikuwa nimeshalifikiria sana. Nifanyeje anielewe?

JIBU: Salama baba, pole na barabara.

Hilo la Igawa kwanza. Njia uliyoizoea mwili unaiendesha wenyewe na kichwa kinabaki huru, madereva wengi wa safari ndefu wanalijua. Ila kuna kutokukumbuka kwa mawazo na kuna kutokukumbuka kwa usingizi, vinafanana ukiwa ndani ya kabini. Macho yakiwa mazito, kichwa kikidondoka hata mara moja, gari likikanyaga mstari, hapo sio mawazo tena, paki. Mzigo wa watu utachelewa, sawa, utafika.

Sasa mke wako. Baba wewe umeandika mwenyewe jibu ila umelipita kama ulivyopita Igawa. "Nilikuwa nimeshalifikiria sana." Kutoka Lusaka mpaka mpakani Nakonde ni kama kilomita 1,000, alafu foleni ya Tunduma, siku nzima au zaidi umekaa na hilo jambo la shule. Na nina hakika humo njiani ulimshirikisha, ulimwambia mama fulani hii shule haifai, akakataa, ukamjibu, akakubali. Mlimaliza vizuri kabisa! Tatizo yeye hakuwepo. Aliyekubali ni yule mke aliyeko kichwani mwako, na yule wa Uyole kaletewa hukumu ya kesi ambayo hakuisikiliza. Kwako jambo ni la zamani, kwake ni la dakika hiyo. Ndo maana unashangaa analia nini na yeye anashangaa umegeuka lini kuwa mtu wa amri.

Na ule ukimya nao ni hivyo hivyo. Wewe umeishi maisha mazima kule ndani, deni, rafiki aliyepata ajali, mwanao anavyokua bila wewe, umechoka kuyaongea wakati hujayaongea na mtu hata mmoja. Yeye amekaa na nyumba, na baridi hii ya Uyole, na mtoto, anakuona umekaa unaangalia ukuta. Asipoambiwa kilichomo ndani atajaza mwenyewe, na mtu akijaza mwenyewe hajazi kitu kizuri, kajaza mwanamke wa Zambia. Mimi simlaumu hata kidogo.

Siku ya kufika mwambie wazi: nipe saa moja nioge, ninywe chai, kichwa kishuke kwenye gari, alafu nitakaa na wewe. Saa moja iwe saa moja kweli. Na ukiwa umepaki kwenye foleni Tunduma, gari limezima, mrekodie voisi kwenye WhatsApp, sio "nimefika salama" peke yake, mwambie ulichokuwa unakiwaza leo, hata kama hakijakamilika, hasa kama hakijakamilika. Dakika mbili zinatosha. Naye atakujibu, na sasa kwenye kabini utakuwa unabishana na maneno yake ya kweli.

Hili la shule ulirudishe mwanzo. Mwambie, mama, lile la mtoto nililiamua mwenyewe nikiwa huko Mpika, nimekosea, naomba tulianze upya kabla sijaondoka. Alafu nyamaza, mwache aongee yeye mpaka amalize.